Bibi Hupiga Meza Akishinda

Jumanne, 5 Machi

Mvua na darasa vimeanza siku moja. Chumba tulichopewa kiko juu ya duka la rangi, kwa hiyo tunasoma Kiingereza huku tunanusa tapentaini, na kwenye kona ya dirisha dari linavuja. Mkuu wa kituo ameniletea beseni la plastiki akaniambia, "Vumilia, Mwalimu, fundi anakuja." Fundi huyo huyo alikuwa anakuja mwaka jana.

Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaotoka kazini au wanaoelekea kazini. Yupo Kinyozi, anayeongea kuliko wote na kukosea kuliko wote. Yupo Mlinzi wa usiku, anayesinzia huku ameketi wima. Yupo Mama Cherehani, mshonaji. Wengine bado sijawazoea. Na yupo binti mmoja anayefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu, ambaye hakufungua mdomo kipindi kizima, mpaka Kinyozi akambatiza jina la Kimya. Jina limeshika.

Somo la kwanza kitabuni ni kueleza unafanya nini nyumbani muda wa mapumziko. Kwenye picha baba anasoma gazeti, mama anapiga kinanda, mtoto anapanga stempu. Nikawauliza mmoja mmoja. Mlinzi akajibu kwa Kiingereza, "Nalala." Nikamwambia aongeze sentensi. Akafikiri, akasema, "Nalala tena." Kinyozi akasema yeye hupiga kinanda. Nikamuuliza kama anacho. "Sina, Mwalimu, lakini mama wa kitabuni anacho."

Nimewaahidi kwamba mambo ya nyumbani ni wiki mbili tu, kisha tunaingia somo la dukani, ambalo ndilo wanalolitaka.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kimya bado kimya.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa kaka kumwona mama, kama kila Jumapili. Nilimkuta amelala, uso ukutani, chupa ya mafuta ya kukandia pembeni ya kitanda. "Kiuno, mwanangu," akasema kabla sijamaliza kumwamkia. "Na miguu. Nashinda humu peke yangu kama mzigo uliosahaulika." Nikamkanda mpaka mikono yangu ikachoka, akawa ananisimulia na mimi namsimulia, hadi giza likaingia.

Wifi yangu, mke wa kaka, alileta chai, akaiweka, akatoka bila neno. Mtu asiye na hatia huwa na la kusema. Nilimfuata jikoni nikamuuliza mama hutoka chumbani saa ngapi. Akasema, "Hutoka, wifi," huku anaosha sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

Marehemu baba alikuwa akisema kwamba mimi nikipewa zawadi hugeuza kwanza chini kuona kama bei imekwanguliwa. Alikuwa anatania, lakini mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

Jumanne, 12 Machi

Kimya amesema. Nilimwambia, kama yeye mwenyewe hana muda wa mapumziko, basi aeleze watu wa nyumba anayofanyia kazi. Akasimama, akashika ukingo wa dawati, akaanza kwa Kiingereza chake cha kuchechemea. Nyumba ina baba, mama, watoto wawili, na bibi. Bibi ana kiti chake, mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Nyumba ina paka. Paka anaitwa Hakimu.

Chaki ilinikatikia mkononi. Kile kiti nilikifunga mimi. Na sidhani kama duniani kuna nyumba mbili zenye paka aitwaye Hakimu, maana jina hilo alimpa mama kwa sababu paka mwenyewe hutazama kila mtu kama anataka kumfunga.

Nilijua wifi ameajiri binti. Sijawahi kumwona kwa kuwa Jumapili ni siku yake ya kwenda kwao. Yeye hapa ananijua kwa jina la Mwalimu tu, na kule huwa hayupo. Sikumwambia kitu. Nilisema, "Vizuri sana, kaa," nikafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nilirudi kwake kwa upole. "Kimya, tuambie zaidi. Huyo bibi, muda wa mapumziko, anafanya nini?"

Akatabasamu. Akasema bibi anaimba. Bibi anacheza karata na mama mwenye nyumba kila alasiri wakishamaliza kazi. Mama mwenye nyumba anaiba karata, bibi anamfinya. Bibi hupiga meza akishinda.

Darasa likacheka. Bibi huyo ni mama yangu, ambaye Jumapili hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa.

Nimekaa nikalipima jambo hili tangu nirudi. Binti hawezi kubuni mambo hayo mwenyewe. Amefundishwa. Ratiba yenye jina langu imebandikwa nje ya kituo, na wifi hupita njia hiyo kwenda sokoni. Ameliona jina, akampanga binti: kamwambie mwalimu wako kwamba bibi anaimba. Yaani anipige changa la macho ndani ya darasa langu mwenyewe, kwa Kiingereza ninachokifundisha mimi.

Jumapili, 17 Machi

Nilimuuliza mama kama hucheza karata. Akainua mikono yake, akaitazama. "Karata? Na mikono hii, mwanangu?" Ilikuwa inatetemeka. Nikambusu vidole vyote.

Nimeamua. Mama atahamia kwangu. Nina vyumba viwili, na tangu mume wangu aondoke chumba kimoja kinalala masanduku tu. Nilimwambia mama hapo hapo. Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Kama ndivyo unavyotaka, mwanangu, sawa."

Jumanne, 19 Machi

Zoezi la wawili wawili, la kuulizana maswali. Nilimpanga Kimya na Kinyozi makusudi, maana Kinyozi akianza kuuliza haachi, ndiyo kazi yake ya kila siku. Nikajifanya nakagua madaftari, nikatega sikio. Nani anachanganya karata? Bibi. Wanakaa wapi? Kwenye kibaraza cha nyuma, mvua ikinyesha wanasogeza meza ndani. Nani hushinda? Bibi, isipokuwa siku mama mwenye nyumba anapoiba vizuri.

Shahidi wa uongo hukwama kwenye vitu vidogo. Huyu hakwami. Wifi amefanya kazi ya uhakika.

Alhamisi, 21 Machi

Beseni limejaa mara mbili. Tumerudia mapumziko.

Jumapili, 24 Machi

Nimenunua rangi pale chini ya darasa, nimepaka chumba cha mama mwenyewe. Rangi ya maziwa. Kwa ajili hiyo sikukaa sana kwake leo, na mama alilia nilipoaga. Wifi alisimama mlangoni akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu. Nilimwona, nikapita. Kama ana la kuungama, aende kwa wanaoungamisha.

Jumanne, 26 Machi

Kinyozi amenyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Dukani tunaenda lini? Mimi nimeshapumzika nyumbani mpaka nimechoka." Hata Mlinzi aliamka akacheka. Nikawaambia msingi mbovu huangusha nyumba, lazima tuukamilishe.

"Basi na wewe tuambie, Mwalimu," Mama Cherehani akasema. "Ukiwa nyumbani unapumzika vipi?"

Nikasema nasoma riwaya, natunza maua, napokea wageni. Kimya aliandika yote kwenye daftari lake kwa makini, na mimi nikakumbuka kwamba maua niliyonayo ni ya plastiki.

Alhamisi, 28 Machi

Leo wamevuka mpaka.

Zoezi lilikuwa kueleza siku za mwisho wa juma. Ilipofika zamu ya Kimya, alianza kucheka kabla hajasema. Siku hizi anaongea bila kushika dawati. Akasema, Jumamosi jioni bibi anajiandaa kuumwa. Kinyozi akamuuliza maana yake nini. Akaeleza vizuri tu: Jumamosi bibi anaomba chupa ya mafuta iwekwe karibu na kitanda. Anamwambia mama mwenye nyumba, "Kesho mimi mgonjwa." Mama mwenye nyumba anakasirika, hawachezi karata siku hiyo. Jumatatu asubuhi bibi amepona.

"Jumapili anakuja nani?" Mama Cherehani akauliza.

"Sijui. Jumapili mimi sipo."

Walicheka sana. Nikawaambia waandike kazi ya nyumbani, nikasimama dirishani nawapa mgongo. Kumnyima mzee matunzo ni jambo moja. Kueneza mjini kwamba mzee mwenyewe anajisingizia ni jambo jingine, na linahitaji moyo wa jiwe. Sasa najua kwa nini wifi alitaka kuniambia kitu mlangoni. Alikuwa anaandaa utetezi.

Sitangoja miezi. Namhamisha mama ndani ya wiki mbili.

Jumapili, 31 Machi

Tulikaa sebuleni, mimi, kaka na wifi. Mama alikuwa chumbani. Nikasema kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na tatu nitakuja na gari la mizigo, nichukue kitanda chake, kiti chake na yeye mwenyewe.

"Dada, umemuuliza mama?" kaka akasema.

"Nimemuuliza. Amekubali."

"Mama hukubali kila kitu unachosema wewe. Hilo si jibu."

"Mwacheni aseme mwenyewe, wifi," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Ila aulizwe siku ya kazi, siyo Jumapili."

Nikamuuliza siku ya kazi ina nini ambacho Jumapili haina. Alimtazama kaka, kaka akatazama zulia. Nikajua nimewabana. Nilisema mengine ambayo siyaandiki hapa, na wifi aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Mtu asiye na kosa angenijibu, nilijiambia nikiwa njiani.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua kubwa. Wamekuja wanne tu. Kimya alikuwepo, ameloa, akaniambia amekuja kwa sababu siku hizi anapenda somo la kuzungumza. Nilimuuliza bibi yake hajambo. Akasema hajambo, ila wiki hii haimbi.

Jumapili, 7 Aprili

Mama amefunga nguo zake tayari. Mizigo miwili midogo. Nilimkanda. Hakuwa na maneno mengi.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya jana imeingia kwenye duka la rangi, makopo yamepinduka, na ngazi zetu zilikuwa zinatiririsha maji ya kijani. Mkuu wa kituo alisimama barabarani na mwavuli akituambia twende nyumbani, fundi anakuja. Kinyozi, aliyewahi kama mimi, akasema hata rangi tumeipata kabla ya kwenda dukani.

Nikaondoka. Kwenye kona ya barabara nikasimama na kujiuliza: ni nani ananitarajia kwa kaka Jumanne alasiri? Hakuna. Hata binti atakuwa hajaondoka kuja darasani, maana kipindi chetu huanza jioni. Nikageuza njia. Nilitaka niyaone mateso ya mama kwa macho yangu, nimkamate wifi akiwa na kisu mkononi, Jumamosi aone aibu hata ya kutokea mlangoni.

Nilizunguka nyuma. Kimya alikuwa anaanua nguo chini ya bati. Aliponiona, uso wake ulifunguka wote.

"Mwalimu? Umenifuata mimi?"

Nikaweka kidole mdomoni. Ndani, meza ikapigwa kwa kishindo.

"Toa! Umeificha chini ya sahani, nimeiona!" Ilikuwa sauti ya mama, ile ya zamani, ya kuitia watoto kutoka mtaa wa pili.

"Mama jamani, mimi niibe?"

"Wewe mwizi tangu siku ya kwanza kuingia humu. Mwanangu alioa mwizi, na mimi nikamshangilia." Wakacheka mpaka mama akakohoa.

Nilisukuma mlango. Mama alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu yake miwili, mkono mmoja juu tayari kupiga meza tena, mwingine umeshika karata zimetandazwa. Akaniona. Na ule mkono uliokuwa juu ukashuka wenyewe mpaka kiunoni. "Aaah, mwanangu," akasema, "kiuno." Karata bado zilikuwa kwenye mkono mwingine.

Wifi aliinamisha kichwa kama alivyokiinamisha ile Jumapili. Hakuna aliyecheka. Hakimu alipita katikati ya meza akashuka upande wa pili.

"Mama, kaa," nikasema. Akakaa kwenye kiti chake. Wifi akainuka, akasema anatupisha.

"Kaa na wewe," mama akamwambia. "Nimekuchosha vya kutosha."

Nilimuuliza tangu lini. Alikusanya karata moja moja, akazipanga, ndipo akasema.

"Nilipokuwa mzima ulikuwa unakuja na kuondoka, chai haijapoa. Unasimama hapo mlangoni, mkoba begani. Mama hujambo, sijambo, haya nakimbia. Halafu nikaanguka bafuni. Ukaja ukakaa kutwa. Ukanikanda, ukanieleza habari za kazi, ukanieleza na mumeo alivyoondoka, habari ambazo hukuwahi kuniambia hata nusu yake. Jumapili iliyofuata kiuno kilikuwa kimepona, mwanangu. Nikakuona unatazama saa. Nikasema bado kinauma."

"Na wifi?"

"Nilikuona unamnunia. Nikadhani itapita."

Wifi alikuwa anakwangua doa mezani kwa ukucha. "Nilimwambia mama akwambie ukweli. Akasema ukijua hutakuja. Sasa mimi ningesemaje, wifi? Ningekwambia mama anasingizia, ungeniamini?"

"Hapana," nikasema. Hilo angalau lilikuwa la kweli.

Nikamgeukia mama. "Na Jumamosi? Ungehama?"

"Ningehama. Ningekwambiaje kwamba sitaki kwako? Kwako pazuri." Akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Hakuna mtu tu."

Sikatai, nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa, na nilipotafuta mwizi nikawakuta wote watatu, na mimi ni mmoja wao. Nilitoka bila kuaga. Nje Kimya alikuwa bado amesimama na kikapu cha nguo, na kwa uso wake nilijua amesikia kila kitu na ameshajumlisha.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikutegemea kumwona, lakini alikuja, akaketi nyuma kabisa. Ngazi zimebaki kijani. Kwa mazoea Kinyozi akamwambia, "Haya, Kimya, bibi anasemaje leo?"

Kimya akasimama. Akasema kwa Kiingereza, bila kosa hata moja, kwamba watu wa nyumba anayofanyia kazi wana muda wa mapumziko, na wanachofanya ni chao. Akaketi. Nikawaambia wafungue somo la dukani. Kinyozi alipiga makofi peke yake.

Baada ya kipindi nilimzuia mlangoni. Nikamwambia yule ni mama yangu, na kwamba nilijua tangu siku aliyomtaja paka. Nikamwambia nilikuwa namchimba, kwamba kila swali nililomuuliza nilikuwa namuuliza wifi yangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilidhani unapenda ninavyoongea," akasema.

Nikamwambia anaongea vizuri kweli, kuliko wote darasani. Akanitazama kwa jicho ninalolijua, maana ni langu, la kutafuta kama bei imekwanguliwa. Sijui kama ameniamini. Sina haki ya kudai aniamini.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimempigia mwenye gari la mizigo kumwambia asije. Kisha kaka. Akauliza kama niko sawa, nikasema niko sawa, akasema, "Dada, na wewe usianze kusingizia." Nimecheka, halafu nimelia kidogo. Nilikwenda kusimama kwenye chumba cha rangi ya maziwa. Nilitaka kujiambia nilikipaka kwa ajili ya kumwokoa mama. Nilikipaka ili kuwe na mtu wa kumwamkia asubuhi. Sasa nimeliandika, na halinipunguzii kitu.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua imekatika. Nilipita mlango wa mbele. Wifi ndiye aliyefungua, nikamwambia nimemkosea, moja kwa moja, kabla sijapata muda wa kupanga maneno mazuri. Akasema, "Pita, wifi, usisimame kwenye tope." Hakusema amenisamehe. Alikwenda jikoni, na safari hii sikumfuata.

Mama alikuwa sebuleni, amevaa, amechana nywele, mikono mapajani. Chupa ya mafuta haikuwepo. Nikamwamkia. Akasema hajambo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ilikuwa kweli.

Kisha tukakosa la kusema. Nilieleza habari za ngazi za kijani, akasema aaa. Aliniuliza kama kwangu kunavuja, nikasema hakuvuji. Kwa wiki zote hizi nimewafundisha watu wazima namna ya kueleza wanavyokaa nyumbani, na mimi nimeketi mbele ya mama yangu mzima, asiye na ugonjwa, sijui mtu huanzia wapi. Nilitamani kutazama saa, Mungu anisamehe, na yeye aliona kwamba nimetamani.

Mkono wake ukaanza kwenda kiunoni. Ukafika nusu ya njia, akauona, akaurudisha pajani.

"Leo sina kitu," akasema. "Hata kichwa hakiumi."

"Naona, mama."

"Kwa hiyo unaweza kwenda."

"Naweza," nikasema. Nikainama, nikavua viatu.